Ile usiku muzee alipanda juu ya bati

Neema aliniuliza swali juzi na tangu hapo sina raha kabisa.

Alikuwa na telefone ya mama yake, anaangalia mavideo, mimi niko pale kwa mlango nakunywa chai yangu. Video ilikuwa ya kimbunga, ile Milton ya Florida kule Marekani, ya Oktoba 2024. Sijui ilimufikia namna gani ju yeye kawaida anaangaliaka watoto wanacheza na madoli. Kuna mubaba wa kofia anapigilia mbao kwenye madirisha ya nyumba yake, moja kisha nyingine, bila haraka. Kuna mama anajaza maji ndani ya ile beseni yao ya kuogea, kubwa kama mutumbwi, eti maji ikikatika watapata ya kutumia. Wengine wako kwenye foleni ya magari wanangoja mifuko ya mchanga. Na kuna karte yenye mistari ya kuonyesha kimbunga kitapita wapi na siku gani. Chenyewe kinaletwa na jina lake, kama mutu aliyebatizwa na sasa anakuja kusalimia.

"Papa, na sisi wakati ya volkano tulipigiliaka mbao?"

Mama yake akacheka. Nikasema hapana, Nyiragongo, ile volkano ya hapa kwetu Goma, haiogopi mbao.

"Sasa mulifanyaka nini?"

Nikamwambia koko yake, baba yangu muzee, alipanda juu ya bati. Akangoja niendelee, nikajifanya chai ni ya moto. Ninyi nawaambia ju muzee hasomaki mambo ya intaneti.

Siku ya posho (Jumamosi), 22 Mei 2021, ile jioni Nyiragongo ilipasuka, mbingu iligeuka nyekundu, sitaieleza, kila mutu wa Goma ana yake na wote tunadanganya kidogo. Tulikimbia hadi upande wa mupaka na Rwanda, tukalala kwa barabara, asubuhi siku ya yenga wakasema lava imesimama kule Buhene, haijafika aeroport, tukarudi. Halafu zikaanza zile siku za kutetemeka. Ardhi inatikisika unapokula, inatikisika ukiwa choo, tukazoea ata kulala inje na godoro chini ya mupera, na Neema, hajafika ata miaka miwili wakati ule, ikitikisika anacheka kama kuna mutu anamubembeleza.

Siku ya ine, 27 Mei, saa saba ya usiku hivi, telefone zikaanza kulia parseli nzima. Ni video ya gavana wa kijeshi, Jenerali Ndima, anasoma karatasi kwa Kifaransa: kartie 10 zinapaswa kuondoka, ni lazima, kila mutu abebe vitu kidogo tu, na njia ni ya Sake. Majengo, kartie yetu, ilikuwa ndani. Mama hasikiaki Kifaransa cha namna ile, njo nikawa namutafsiria. Nikasema, mama, wanasema magma iko chini ya muji.

"Chini wapi?"

"Chini hapa. Imeenda ata chini ya ziwa."

Akaangalia sakafu. Kweli, aliinamisha kichwa akaangalia sakafu ya simenti yake, ile aliyoipiga deki mchana, kama vile anatafuta palipopasuka. Shemeji yangu njo akaleta sasa hadithi ya ziwa la Nyos kule Cameroon, mwaka 1986, hewa mbaya ilitoka majini usiku ikaua watu zaidi ya 1,700 wakiwa wamelala, na ziwa letu Kivu nalo limejaa hewa kama ile. Hapa kwetu mutoto mudogo anajua mazuku, ile hewa inalala kwenye mashimo, mbuzi inashuka kula majani na haipandi tena, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Mama akamwambia tu: funga kinywa, beba bidoni.

Kufunga vitu hakukuchukua ata nusu saa. Diplome na makaratasi ya parseli ndani ya mufuko wa plastiki, maharagi, sufuria moja, bidoni mbili, blanketi ya Neema, kikwembe cha mama cha siku kubwa ambacho alisema hakiachi ata kwa risasi. Godoro hapana. Televizio tukaifunika na shuka, usiniulize kwa nini. Nikahesabu watu, nikaona mumoja anakosekana.

Halafu tukasikia: ko. Ko. Ko.

Muzee alikuwa juu ya nyumba.

Ili muelewe lazima nirudi nyuma kidogo. Tarehe 17 Januari 2002 mimi nilikuwa na miaka 11. Muzee alikuwa ametoka kuezeka nyumba kabla ya Noeli, bati 22 mupya, alizikopa kwa mucuuzi mumoja wa Birere na walikubaliana atalipa pole pole. Lava ikashuka, ikapita katikati ya muji mupaka ziwani, na nyumba yetu na bati zake 22 zikabaki chini ya jiwe. Mucuuzi duka lake halikuungua. Kwa hiyo muzee alilipa zile bati miaka miwili mizima, kila mwisho wa mwezi, huku bati zenyewe ziko chini ya miguu yake, ju jiwe lilipopoa alijenga tena palepale, juu. Tunalala juu ya bati za kwanza mupaka leo. Mama wakati mwingine akigombana naye anasemaka: uliza wale wa nyumba ya chini.

Sasa unamwona saa nane ya usiku, ana kabutula na ile koti yake ya kanisa, amepiga magoti juu ya bati, na nyundo. Sauti ya musumari wa bati unaotoka baada ya miaka mingi, sijui kama mumeisikiaka, inalia kama ndama. Anashika kichwa cha musumari kwa masikio ya nyundo, anaegemea, inalia, anautia mufukoni. Mufukoni! Alikuwa anachunga misumari.

"Papa, shuka! Gavana amesema tuondoke!"

"Gavana alilipaka bati zangu?"

"Papa..."

"Mulika hapa."

Nikamulika. Hii njo mahali ninakwamaka kila mara nikiikumbuka, ju nilikuwa na miaka 30, nina bibi na mutoto, ningeweza kupanda nimushushe, ningeweza kukataa. Nilinyosha mukono na telefone na nikamulika pale alinionyesha, na akisogea nasogeza mwangaza, na baada ya muda nikajikuta namwambia, papa, umesahau moja pale kwa kushoto.

Likaja tetemeko, kubwa kuliko za mbele. Nilisikia kwanza masahani jikoni, halafu mbwa, halafu bati zote za Majengo zikalia pamoja, shhhrrr, kama mvua inayokuja kutoka mbali lakini inakuja kutoka chini. Muzee akajilaza. Alipanua mikono akaikumbatia nyumba, shavu kwenye bati, na mimi niko namumulika usoni, na macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa na woga wowote, yalikuwa na hasira, ile hasira ya mutu anayevutwa vutwa shati sokoni na aliyemulipa tayari. Ikapita. Akaokota nyundo.

Ko.

Kwa barabara watu walikuwa wanapita na mizigo kichwani, magodoro, mbuzi, mutu na mashini ya kushona kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Jirani mumoja akasimama, akaangalia juu, akauliza: "Muzee, unauzisha bati saa hizi?" Watu wakacheka, usiku ule watu walicheka mbele ya nyumba yetu, naapa. Lakini yule jirani hakuendelea na njia. Alirudi kwake. Dakika chache tukasikia upande wa nyuma, ko, ko, halafu mwingine tena mbali kidogo. Kufika saa kumi zilikuwa nyumba tatu zinajibizana.

Mama njo alimaliza. Hakupiga kelele. Aliweka chini kile kikapu, akakaa juu ya bidoni katikati ya parseli, akafunga kitambaa kichwani vizuri kama anaenda misa, akasema: "Ukibaki kule, mimi nabaki hapa. Itukute wote wawili na bati zako."

Akashuka. Bati 8.

Sasa bati 8 unapeleka wapi? Kutoka kwetu kufika Sake ni kama kilomita 25 na barabara imeshikana magari, moto, ng'ombe na watu. Mwenye chukudu tuliyemuuliza alitaja bei muzee akamuuliza kama chukudu inaruka. Kwa hiyo tulizilaza chini kando ya ukuta, tukazifunga kamba, tukapanga mawe juu ili upepo usizichukue. Mawe ya lava, hakuna mengine Goma. Naomba muelewe vizuri tulichofanya: tulizitoa juu, mahali lava ingezifikia mwisho, tukaziweka chini mahali ingezifikia kwanza, na juu yake tukaweka lava. Niliona hivyo palepale, nikifunga kamba. Nikakaza fundo.

Sake siielezi mingi. Tulitembea, watu wengi sana, nguo moja, darasa la shule tuko familia nyingi ndani, maji ya kunywa shida na kila mutu anataja kolera kwa sauti ya chini. Mvua ilinyesha usiku mbili. Kila ikinyesha muzee anatoka kwa kibaraza anaangalia upande wa Goma, na hakuna mutu wa kwetu aliyesema kitu ju sote tulikuwa tunahesabu bati.

Lava haikuja. Ziwa nalo halikufanya kitu, Mungu asifiwe. Tarehe 7 Juni serikali ikasema watu wanaweza kuanza kurudi pole pole, sisi tukarudi siku chache baadaye. Nyumba imesimama, mupera umesimama, ata shuka juu ya televizio iko vile tuliiacha. Ila ilikuwa imelowa, ju televizio ilikuwa upande ule muzee alitoa bati. Godoro zimenyonya maji kama mukate ndani ya chai, kabati la mama limevimba milango haifungi mupaka kesho kutwa, na unga wa muhogo umeota manyoya. Katika kartie nzima, kati ya watu walioogopa Nyiragongo, nyumba zilizoharibika kwa macho yangu ni tatu, zile za nyundo.

Na bati 8? Hazipo. Mawe yalikuwepo. Yamepangwa vizuri kando kando, mwizi wa adabu.

Muzee aliangalia yale mawe muda mrefu. Akatoa misumari kwa mufuko wa koti, yote, alikuwa nayo tangu Majengo mupaka Sake na kurudi, akainyoosha moja moja juu ya jiwe. Zile bati mupya alizonunua baadaye alizipigilia na misumari ileile. Zinang'aa mupaka leo katikati ya zile nyekundu za kutu, ukipanda mahali pa juu unaijua nyumba yetu.

Watu wa kwetu wanacheka hii hadithi kwenye harusi, na mimi nacheka. Lakini ile 2002 ndugu zangu hakuna aliyemwambia atoe ata bati moja, na angetoa 8 tu zingekuwa zimepungua kwenye deni. Kwa hiyo sijui. Nikiwaza vile nilimulika najiona mujinga, nikiwaza ningezima ile taa najiona mubaya zaidi.

Yenga iliyopita tulienda kwao kula. Neema, bila mutu kumutuma, akamusogelea: "Koko, papa anasema wakati ya volkano ulipanda juu ya bati. Ulienda kufanya nini?"

Sombe ikanikwama kooni.

Muzee hakuniangalia. Akamwambia: "Kuona mulima vizuri."

"Uliuona?"

"Kulikuwa giza."

Neema akatosheka, akarudi kwa samaki yake ndogo ya sambaza. Baada ya kula mama akafagia chumba, nikamwona anainama, anaivuta ile nyundo kutoka chini ya kitanda upande wa muzee, anafagia pale ilipokuwa, halafu anairudisha palepale.