Nilivyootesha miasumini kwa vipande vya matawi

Asumini zetu hizi za kufungia kikuba, kile kishada cha maua cha kujipambia, ni nadra kutoa mbegu, kwa hiyo anayetaka mti wake hana budi kukata tawi la mwenziwe. Mimi nililikata la shangazi, hapa Wete, Pemba, masika yalipokuwa yanakwisha: jua halijawa kali na hewa ingali na unyevu.

Alinipa sharti moja. "Usikate penye vitumba, mwanangu. Nguvu zote ziko huko."

Nikachagua matawi yaliyokwisha kuchanua, si mabichi ya kulegea wala makavu. Kila kipande kiasi cha sentimita 12 hadi 15, chenye vifundo vitatu au vinne. Chini nilikata mshazari, karibu kabisa na kifundo, maana hapo ndipo mizizi hutoka kwa wepesi. Juu nikakata sawa, nisije nikachomeka kichwa chini miguu juu.

Wako wanaochovya vipande kwenye maji ya dafu ili vitoe mizizi, wako wa asali na wa shubiri. Siwabishii, lakini kwa nilivyoona, kinachoua kipande ni majani yake mwenyewe. Mizizi ya kunywea hakina, na majani yanapoteza maji mchana kutwa. Basi niliyatoa yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo nikayakata nusu. Halafu nikakifunika kila kipande kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, unyevu ubaki ndani. Kizibo nilikifungua kidogo asubuhi, kusiingie ukungu.

Makopo niliyatoboa chini na kuyaweka upenuni, kwenye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Ndani nilitia mchanga wa shamba (wa pwani una chumvi) uliochanganywa na usumba wa makumbi, yaani nyuzi za maganda ya nazi.

Jani jipya lisikudanganye. Kijiti huweza kuchipua kwa akiba yake bila mzizi hata mmoja, kisha kikafa. Mizizi huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi, na mimi sikuhamisha mche mpaka nilipoiona ikichungulia kwenye matundu ya kopo. Viko vilivyooza, lakini vilivyoshika vilinitosha, na mmoja nikampelekea shangazi.

Sasa nimeingia kwenye bogenvilia. Hiyo inataka kijiti kigumu zaidi, unene wa penseli, na mizizi yake hukatika upesi, kwa hiyo nimeipanda kwenye mifuko ya plastiki: siku ya kuihamisha nitaupasua mfuko, udongo usimomonyoke.