Kuufuata Mto Morogoro hadi msituni: Jumapili zangu za Uluguru

Juni, Jumapili ya kwanza

Miaka tisa nimekuwa nikiuona mlima wa Uluguru kila asubuhi nikifungua duka hapa mjini Morogoro, na miaka yote hiyo sikuwahi kuupanda kupita pale bodaboda zinapogeuzia. Mwaka huu nimeamua. Kila Jumapili nitakayoipata nitaufuata Mto Morogoro kwa miguu, kuanzia darajani mjini mpaka pale unapotoka msituni, na nitaandika humu ninachokiona. Nimekata mwanzi, nikautia alama za rangi kila baada ya upana wa vidole vinne, ili nipime kina cha maji mahali palepale kila ninapopita.

Nimeanzia sokoni kwa makusudi. Soko Kuu letu, lile jipya lililofunguliwa mwaka 2021, linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Kingalu ni cheo cha kurithi cha watemi wa Kinole, upande wa pili wa mlima, na Waluguru waliwajua watemi hao zaidi kwa kuombea mvua. Nimekuwa nikinunua kabichi chini ya jina la mwenye mvua bila kuwaza mvua hiyo inashuka kwa njia gani.

Leo sikufika mbali. Nilipita Boma, nikapita mawe makubwa ambako vijana huenda kupiga picha, nikaanza kupanda. Magoti yaliniuma kwenye kushuka kuliko kupanda. Mwanzi ulisoma alama tano, chini kidogo ya mawe.

Juni, Jumapili ya tatu

Nimegundua kwamba nilikuwa na kosa kichwani tangu nihamie hapa. Nilidhani maji ya mto huu ndiyo yanayokuja bombani kwangu. Nikakaa na ramani jioni nzima, nikafuata mstari wa bluu kwa kidole. Bwawa la Mindu, linalotunywesha sehemu kubwa ya mji, liko kusini magharibi na linajazwa na Mto Ngerengere pamoja na vijito vingine vinavyoshuka Uluguru kwa upande ule. Mto Morogoro unaukata mji katikati, unaukuta Ngerengere baada ya bwawa, kisha Ngerengere unaingia Ruvu. Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam.

Kwa hiyo maji ninayoyapima kwa mwanzi wangu anakuja kuyanywa dada yangu Mbagala. Nilimpigia simu kumwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama watu wanafulia humo. Ndiyo, wanafulia. Na takataka za plastiki zimejaa chini ya daraja, nyingi kuliko nilivyotaka kumwambia.

Tangu siku hiyo mradi huu umekuwa mzito kwangu kuliko matembezi.

Julai

Nimefika Morningside, ile nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani iliyoachwa magofu juu ya mgongo wa mlima. Niliondoka mjini saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Julai ikiuma masikio. Njia ni nyembamba, udongo mwekundu, na saa hiyo inatumiwa na watu wanaoshuka tu. Kina mama wa vijiji vya juu wanakuja mmoja nyuma ya mwingine, matenga ya karoti, njegere na ndizi kichwani juu ya kata, miguu inajua kila jiwe. Nilijibana ukingoni kuwapisha. Sheria ya njia nimeielewa bila kuambiwa: mwenye mzigo hasimami.

Juu pale mji wote unaonekana. Ng'ambo ya mji kuna tambarare na mistari ya mashamba ya mkonge, magharibi Mlima Mindu, na mbali kaskazini milima ya Nguru kama moshi. Nyuma yangu mlima uliendelea kupanda. Kilele cha Lupanga, mita 2,138, kilikuwa kimejifunika wingu ambalo halikuondoka siku nzima.

Wingu hilo nimelitazama sana, kwa sababu ndani yake ndimo mto unamoanzia. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unagonga mlima upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga. Upande wa Kinole na Matombo hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi wa mjini, tulio nyuma ya mlima, hatufikishi hata nusu ya hiyo. Kiangazi hiki chote sijaona tone mjini, na mto bado unatiririka. Msitu unakamata ukungu kwa majani na kuvumwani, unaushusha kwenye udongo, udongo unautoa kidogo kidogo. Nilisoma haya shuleni. Kuweka kiganja kwenye gome la mti lililolowa, siku isiyo na mvua, ni jambo jingine.

Alama nne.

Agosti, Jumapili ya kwanza

Nimempata mwalimu. Ni bibi wa makamo ya mama yangu mkubwa, ana shamba karibu na kivuko cha juu. Siku hiyo nilikuwa nimeinama majini na mwanzi wangu, nikasikia sauti nyuma:

"Mwanangu, umeangusha nini?"

"Shikamoo bibi. Sijaangusha kitu. Napima maji."

"Marahaba. Unayapima uyapeleke wapi?"

Nikamweleza habari ya Ruvu na dada yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatua tenga lake, akanionyesha jiwe jeupe lililochomoza katikati ya kivuko. Likiwa kavu, kina mama wanavuka hapo kwenda sokoni. Likilowa mgongo, wanavuka wakishikana mikono. Likizama, hawavuki, wanazunguka kwa njia ya juu, na hiyo ni saa nzima zaidi na mzigo kichwani. Mama yake alilitumia jiwe hilohilo. "Zamani mwezi huu lilikuwa limelowa," akasema. Leo lilikuwa kavu hadi kiunoni.

Nimeandika maneno yake kwa wino mwekundu. Kipimo changu kina umri wa miezi miwili.

Agosti, Jumapili ya mwisho

Leo sikupanda hata hatua moja kupita shamba la bibi. Nilimsaidia kuvuna maharage, naye akanizungusha.

Shamba ni la upande wa mama. Kwa Waluguru ukoo, lukolo, hufuata mama, na ardhi hupita humo humo. Alilipata kwa mama yake, binti yake atalipata kwake. Liko kwenye mteremko ambao mimi nisingethubutu kusimama bila kushika kitu.

Nikamuuliza kwa nini hapa hakuna matuta ya ngazi. Hapo akakaa chini. Wakati wa Waingereza watu walilazimishwa kuchimba ngazi milima yote hii, kwa amri na faini, ili udongo usihame. Nia ilielezwa vizuri, lakini kwenye miteremko mikali yenye udongo wa juu mwembamba, kuchimba ngazi kuliufukia ule mzuri na kuutoa juu ule wa chini usioota kitu. Watu walichoka, mavuno yakapungua, na mwaka 1955 Matombo ikalipuka; polisi walifyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Bibi alihadithiwa na mama yake, nami nikaja kusoma tarehe mwenyewe baadaye. Lakini Mgeta, kusini huku, watu wana ngazi hadi leo na wanalima mboga nzuri juu yake. Udongo na mteremko wa mahali ndio unaoamua.

Nakubaliana naye kwamba mtu akitaka kuulinda mto huu aanze kwa kumuuliza mwenye shamba. Yeye mwenyewe ameacha upana wa hatua kumi bila kulima kando ya maji, na hapo ameotesha magugu marefu na migomba. Hakuna aliyemwagiza.

Septemba

Nimeingia msituni. Juu ya mashamba inaanza Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, hekta zaidi ya 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Nilichukua kibali kwanza na kwenda na kiongozi, na nawashauri wenzangu mfanye hivyo; njia zinagawanyika gizani kama mizizi.

Jua lilikatika kama mtu amefunga dirisha. Kangaga kubwa kunizidi kimo, kuvu, maji yakidondoka pasipo mvua, kima wakitikisa matawi juu bila kuonekana. Kiongozi alinisimamisha mara tatu tusikilize. Kuna ndege hapa, kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha njano, anayeitwa kitaalamu Malaconotus alius, na duniani kote anaishi Uluguru tu. Tulimngoja dakika arobaini. Tulisikia mluzi mmoja ambao kiongozi alisema ni wake. Sikumwona.

Mto hapa ni mwembamba kiasi cha kuruka. Nilikunywa. Maji yaliuma meno kwa baridi. Baadaye niliteleza kwenye jiwe na simu ikazama, kwa hiyo picha za siku hiyo hakuna. Nimechora ndege huyo kwenye daftari kutokana na maelezo ya kiongozi.

Oktoba

Mwezi mbaya. Alama mbili darajani. Mara mbili nimeona moshi kwenye miteremko ya chini, watu wakichoma mashamba kusubiri vuli, na mara moja moto ulipanda hadi karibu na miti. Vijana wa kijiji waliuzima kwa matawi mabichi mpaka usiku. Nilifika umeshazimwa. Nilichoweza kufanya ni kubeba ndoo za maji ya kunywa.

Novemba, Jumapili ya pili

Vuli imeanza Alhamisi. Nilipofika kivukoni maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa na jiwe jeupe halikuwepo kabisa. Kina mama sita walikuwa ng'ambo wamesimama na matenga yao, bibi akiwa wa mbele. Aliniona, akapaza sauti juu ya mngurumo wa maji: "Andika! Limezama!"

Kisha wakageuka wote kuifuata njia ya juu. Nami nikapanda kwa upande wangu, nikawakuta kwenye daraja la magogo, nikapokea tenga moja la njegere. Tulifika Soko la Chifu Kingalu saa nne kasoro, tumelowa.