Wenyewe Walilala?

Jana binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye Shujaa Okonkwo, riwaya ya Mnigeria Chinua Achebe, nakala ileile iliyopoteza jalada, akaniuliza: "Mama, sasa huo msitu ulishindwaje kuwaua?" Nikamwambia aendelee kusoma. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika Old Moshi kwa babu, enzi zangu za shule.

Baba mdogo alikuwa amelala chumba cha pazia, mbavu zinahesabika. Wazee wa ukoo walishakaa wakaamua: Jumamosi achinjwe mbuzi, waliotutangulia waombwe radhi. Na mbuzi atoke zizini kwa babu, mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa. Akikubali, anaweza kutengwa. Akikataa na mwanawe akafa, atawatazamaje ndugu zake? Kwetu mambo haya si ya kusimuliwa kutoka Nigeria tu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, Wajerumani wakamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, Machi 1900, na tangu hapo kila kihamba, shamba la ukoo, kina msalaba na kina masale, majani ya Wachagga ya kuombea radhi.

Jioni nilikuwa namsomea babu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Chemli ilikuwa inatoa moshi, nami nasoma mbiombio kama darasani. Tukafika pale Wakristo wanapoomba kiwanja, na wazee wa kijiji cha Mbanta wanawapa kipande cha msitu wanakotupwa mapacha na waliokufa kwa magonjwa ya mkosi. Watu wakangoja wafe ndani ya siku nne. Hawakufa. Wakasema miungu huvumilia, ila mwisho wake ni wiki saba za soko, siku 28.

Babu akainua mkono. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi alizokuwa amemmenyea mgonjwa mtori.

"Wenyewe walilala?"

"Akina nani, babu?"

"Hao wa kanisani. Usiku wa ishirini na saba. Walilala?"

Nikarudi nyuma kurasa mbili, nikapekua mbele. Kitabu kinakaa na wanakijiji wanaongoja; kisha siku inafika, Wakristo wazima, wanamjengea mwalimu wao Kiaga nyumba.

"Haijaandikwa."

Baba mdogo akakohoa nyuma ya pazia. Tulinyamaza wote wawili mpaka kikaisha.

"Hawakulala," babu akasema. "Hata mmoja." Akafikiri kidogo. "Na huyu aliyeandika amelelewa kwa mwinjilisti. Wa nje anawasema, wa ndani anawaonea haya."

Nilicheka. Miaka baadaye nikaja kusoma kwamba baba yake Achebe kweli alikuwa mwinjilisti, mtu wa Ogidi.

Shuleni tulifundishwa riwaya ile kama ngumi kati ya mila na dini ya mzungu. Sijawahi kuiamini sana hesabu hiyo. Nwoye, mwana wa Okonkwo anayehamia kwa Wakristo, hakushindwa kwa hoja. Alianza kuondoka siku Ikemefuna, kijana aliyeishi kwao kama kaka yake, alipouawa, kabla mzungu hajatia mguu kijijini. Na babu yangu sikuweza kumweka upande wowote.

Jumamosi walikuja, mbuzi akachinjwa. Mimi nilitumwa dukani, duka la mbali, kufuata chumvi ambayo jikoni ilikuwepo. Kwa hiyo kama babu alishika sale au alikaa ndani na Biblia yake, sijui, na waliokuwepo kila mmoja ana lake. Jumapili alivaa koti akaenda ibadani, akapita benchi la wazee, akaketi la mwisho karibu na mlango. Hakuna aliyemtuma. Mchungaji alikuja nyumbani kuzungumza naye, wakaishia kuzungumzia kahawa.

Baba mdogo alipona. Ukoo ukasema mbuzi, usharika ukasema maombi, mganga wa zahanati akasema dozi ya kifua kikuu imemalizika bila kurukwa hata siku moja. Babu alisikiliza wote watatu na kuwashukuru wote watatu.

Krismasi ilipokaribia alirudi benchi la mbele, bila tangazo la kurudi kundini wala toba. Nilimuuliza bibi ni nini kilichomrudisha. Akasema ni upepo wa pale mlangoni, ulikuwa unamuumiza magoti.