Ruta ya wifi kwenye gari ilikuwa inazima njiani, nikaipatia dawa

Nabeba wageni kutoka Arusha kwenda Karatu, na siku hizi wanaulizia wifi ya garini kabla hata ya maji ya kunywa. Ruta yangu ilikuwa inazima na kujiwasha yenyewe kila baada ya dakika chache. Karibu na Makuyuni, mama mmoja alikatikiwa akiongea na mwanawe kwa video. Iliniuma sana.

Nilidhani ni mtandao, kumbe ni umeme. Mgongoni mwa ruta pameandikwa 5V 2A, yaani inataka volti 5 na ampea 2, lakini chaja niliyoichomeka kwenye kiwashio cha sigara inatoa 1A tu, na waya wake ni mwembamba, tena mrefu. Nikapima mwisho wa waya huku ruta ikifanya kazi: volti 4.4, badala ya 5.

"Kaka, hiyo ruta ina njaa," fundi umeme akaniambia. Tukafunga kigeuzi cha kushusha 12V hadi 5V, chenye 3A, kwa waya mnene wa nusu mita. Umeme tuliuchukua kwenye laini ya ACC, ile inayopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, ili nikichomoa ufunguo ruta nayo izime, isininyonyee betri usiku kucha. Na fyuzi iko karibu kabisa na pale umeme unapotoka. Hapo msifanye mzaha, jamani: waya ukichubuka bila fyuzi, gari linaungua.

Tangu hapo nimekwenda Karatu mara nne. Taa ya ruta haijazima.