Asali ya Boni, wali wa nazi na kidole changu

Lamu ukisema una sukari hupewi pole, wapewa maagizo. Toka gatini hadi Langoni nimeshaambiwa ninywe maji ya mwarobaini, nitafune shubiri, niloweke uwatu, nile habasoda kabla ya chai, niache wali, nisiache wali bali niache chumvi, na mmoja akanishika bega kabisa akaniambia nitupe dawa za hospitali kwa sababu "ndizo zinazoua figo". Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae niandike. Kinachoua figo ni sukari yenyewe ikikaa juu miaka na miaka, hasa ikifuatana na presha. Nimewaona waliotupa dawa. Hawakupona.

Mimi ni fundi wa nakshi. Nachonga milango, makasha na fremu za vioo. Kazi yenyewe ni ya kukaa chini tangu asubuhi, patasi mkononi na birika la chai ya maziwa ubavuni. Watu hudhani kwa kuwa mji wetu hauna magari basi sote twatembea. Wanaotembea ni punda.

Dalili zilikuja zile zile za kila mtu: kiu, choo usiku kucha, kanzu kunipwaya. Mke wangu aliona sisimizi wamejipanga chooni akaniangalia vibaya. Mama mkwe akasema ni hasidi. Lakini kilichonishtua mimi ni macho. Maua ya nakshi yakaanza kuogelea, mstari mmoja nauona miwili. Nikampata muuza miwani, akanipima haraka haraka, akaniuzia miwani ya pesa ambayo ningenunulia mbao za mlango mzima. Hakuuliza hata mara moja kama nina sukari. Kumbe sukari ikipanda sana lenzi ya jicho hubadilika umbo kwa maji, na ikishuka hurudi polepole. Baada ya wiki kadhaa za dawa macho yangu yakarejea, na ile miwani nikiivaa ndiyo sioni kitu. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa juzi kwamba una sukari na unaona ukungu, shika pesa zako. Subiri sukari itulie kwanza ndipo upimwe miwani. Kuchunguzwa nyuma ya jicho ni jambo jingine, hilo usilingoje, na urudi kila mwaka hata kama waona vizuri.

Kipimo changu cha kwanza, asubuhi bila kula, kilitoka 14 na ushei (namba zote humu ni za mmol/L, kama mashine zetu zinavyoandika). Kwa tumbo tupu, kuanzia 7 kwenda juu, na kipimo kikirudiwa kikatoa hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Nikapewa metformini, vidonge vya kushusha sukari. Habari za vidonge nazipita: vimeze na chakula, tumbo litakuchafuka mwanzoni, litatulia.

Kilichonifungua akili ni mashine ya kupimia. Hapa sikizeni, kabla hujanunua mashine uliza bei ya stripu zake, vile vijiti vya kutilia tone la damu. Mashine yaweza kuwa rahisi, hata ya bure, kisha stripu zikakufilisi. Zangu pakiti moja ni elfu moja na mia kadhaa, siku nyingine duka hilo hilo lataka elfu mbili. Ndiyo maana sipimi ovyo. Nilichofanya ni kuchukua chakula kimoja kimoja cha nyumbani kwetu nikakishitaki. Napima kabla ya kula, napima tena saa 2 baadaye, naandika kwa penseli kwenye ubao wa karakana, palepale ninapochorea maua. Baada ya kula natakiwa nisipite 10. Mkate wa mofa ukanitendea wema. Mbaazi za nazi nazo hazina fujo. Muhogo wa kuchemsha, sahani iliyojaa, mwizi mkubwa. Embe moja lapita. Embe la pili, ambalo ndilo tamu, halipiti. Mahamri mawili na chai isiyo na sukari yalinipeleka mahali ambapo sikupapenda.

Wali wa nazi ulinichezea. Saa 2 baada ya kula nikapima, 9 na kitu. Nikafurahi nikamwambia mke wangu wali wetu hauna neno, wenye makosa ni wale wa bara wanaoula mkavu. Ila mwili ulikuwa mzito, nikapima tena baadaye usiku, ikawa 13. Muuguzi akacheka nilipomhadithia. Mafuta ya tui huchelewesha chakula tumboni, basi sukari haiji mbio, yaja na jahazi, lakini yaja yote. Pilau na biriani ni hivyo hivyo. Sikuacha wali, nani aishiye Lamu bila wali? Nimeupunguza ukawa ngumi moja, na naanza na samaki na mchicha, wali nauweka mwisho. Wali ule ule, kipimo kile kile, nikianza na samaki kidole chasoma chini kuliko nikianza na wali. Jaribuni wenyewe.

Sasa asali. Kwenye baraza letu yuko mzee, ni ami yangu kwa upande wa baba, anayeamini asali ya msitu wa Boni haimpandishi mtu sukari. Hiyo ya dukani, asema, imechanganywa. Ya Waboni wanaofuata ndege mpaka kwenye mzinga ni dawa. Na kila nikikataa kashata hunisomea aya ya Surat An-Nahl kwamba mna ponyo kwa watu. Sikubishana na aya, hasha. Nilimwambia tu, "Ami, aya haikutaja vijiko vingapi." Wenzetu wakacheka, naye akakasirika, akatuma kijana nyumbani kwake alete chupa.

Hatukuwekeana kamari, iandikwe hivyo. Tulikubaliana tu kwamba atakayeshindwa atawakirimu wenzake kahawa na halwa. Nikapima mbele ya baraza lote: 6.9. Nikala vijiko viwili vikubwa vya asali, na niseme haki, ni asali tamu ajabu, ina harufu ya moshi na maua. Tukakaa saa nzima. Muuza kahawa akakataa kuondoka na birika lake, biashara nyingine ikasimama. Nikadunga: 11.8.

Ami hakutikisika. "Umelamba kijiko," akasema. "Kidole hicho kina asali. Wapima asali, hupimi damu." Na hapo, jamani, mzee alisema kweli ambayo wenye mashine wengi hawaijui. Ukishika embe au tende kisha ukajidunga bila kunawa, stripu itasoma utamu wa ngozi na kukutisha bure. Nikaletewa maji na sabuni, nikanawa, nikajifuta nikakauka kabisa, nikadunga mkono wa pili: 11.6. Jioni nyingine tukarudia kwa sukari ya kawaida, kiasi kile kile cha utamu kwa kukisia. Ikatoka 12 na nukta. Tofauti yake haistahili hata kuandikiwa barua.

Ami akatoa kidole chake. Nilibadilisha sindano, na msije mkafanya mchezo na hili: sindano ya mtu ni ya mtu, damu hubeba mengi. Mashine ikaandika 12.9. "Mashine yako mbovu," akasema, akalipa kahawa, akaondoka. Akapelekwa hospitali na mwanawe baada ya kukiri kwamba yeye pia huamka usiku kwenda chooni na maji hayamtoshi. Hospitali nako, asema mpaka leo, mashine zao mbovu, lakini vidonge anameza.

Harusini nina mbinu yangu, na sijapata kuiona kwa mtu mwingine. Mnakaa wanne au watano kwenye sinia moja la biriani. Ukisema "sitaki, nina sukari" umeharibu karamu, kila mtu ataanza kukutajia marehemu wake. Mimi huchukua kazi ya kuchambua nyama. Naichana vizuri, namsogezea huyu, namsogezea yule, namchagulia mzee penye mnofu. Ni adabu kubwa, watu wanakuombea dua, na hakuna anayeona kwamba wali sijaugusa ila pembeni. Nyama najichambulia na mimi, usinihurumie. Juisi ya ukwaju huipitisha kwa mtoto aliye karibu.

Baada ya miaka vidonge peke yake havikutosha. Mtaani insulini ina jina baya, watu husema akidungwa mtu basi amefika mwisho. Si mwisho wa chochote. Kongosho limechoka kutoa insulini ya kutosha, basi unaongezewa. Watu walikuwa wakifa kwa kuikosa kabla ya 1922, mwaka mgonjwa wa kwanza alipodungwa kule Toronto. Sindano yenyewe ni nyembamba, haiumi kama kibanzi cha mtiki chini ya ukucha, hilo nakuapia.

Shida yake hapa kwetu ni joto. Ambayo haijafunguliwa yataka friji, digrii 2 hadi 8, wala isigande. Rafiki yangu mvuvi alinishauri niitie kwenye barafu ya samaki tukisafiri kwenda Faza. Nikamwambia ikishaganda ni maji tu, hata ikiyeyuka haifai. Iliyofunguliwa yaweza kukaa nje ya friji kama wiki 4 hivi bila kupita digrii 30, lakini kaskazi ikipiga, mchana wa Februari, karakana yangu yapita hapo. Basi nikatumia walichotumia bibi zetu. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, nalowesha mchanga asubuhi na jioni, nafunika kwa kitambaa chenye unyevu, na vyote vimekaa chumba cha ndani chenye kuta nene za matumbawe. Insulini imo kwenye kikopo kikavu ndani ya chungu kidogo. Niliweka na kipimajoto, hushuka digrii kadhaa. Wakati wa kusi hewa ina unyevu mwingi na chungu hakifanyi kazi sana, ila wakati huo joto lenyewe limepungua. Mwanangu aliyesoma Mombasa alinicheka mpaka umeme ulipokatika siku nzima akaniomba nimtilie humo dawa zake za macho.

Miguu nisiisahau. Fundi huvua viatu, ni kawaida yetu. Nilipoanza kupata ganzi kwenye nyayo nikanunua viatu vilivyofunika vidole, laini ndani, na kabla ya kuvaa navikung'uta, kwa sababu msumari mdogo ukiingia sitausikia. Usiku naangalia nyayo kwa kioo, nilichonga fremu yake mwenyewe. Wanaokwenda Shela pekupeku ufukweni "kwa ajili ya afya" nawaambia matumbawe na fuma wenye miiba havijui kama una sukari. Nami huenda Shela kwa miguu baada ya chakula cha jioni, si kila siku, na viatu. Nikirudi kipimo kimeshuka bila kidonge cha ziada.

Ramadhani ndiyo naulizwa zaidi. Nafunga, lakini huenda kwa daktari kabla mwezi haujaandama, anipangie upya kipimo cha insulini na vidonge vihamie futari na daku. Si kila mwenye sukari anafaa kufunga, na mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qurani. Anayekataliwa na daktari asijitie ushujaa. Kudunga kidole hakufunguzi saumu, imamu wetu alilisema hilo baada ya sala watu wote wakasikia. Mimi nimewekewa mipaka: ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7 nafungua papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa.

Ilinitokea alasiri moja nikichonga. Mkono ukatetemeka, jasho la baridi, patasi ikaruka nje ya mstari. Nikapima, 3.6. Nikala tende tatu ndogo mbele ya mwanafunzi wangu, nikangoja dakika 15, nikapima tena, ikawa imepanda. Kijana alinitazama kama ameona fundi anakunywa pombe. Nikamweleza, akaelewa, na tangu hapo yeye ndiye anayehakikisha mtungi wa tende haukosekani kwenye rafu. Kwa hali kama hiyo tende, sukari kwenye maji au soda ndiyo dawa. Si wakati wa samaki kwanza. Daku naila karibu kabisa na alfajiri, mofa na maharagwe na samaki wa jana, na kaimati za futari nala mbili tu zilizotolewa kabla ya kutiwa shira. Mke wangu huniwekea kwenye kibakuli cha peke yake, na nikichelewa watoto huzila.