Mgongo wangu na kigoda cha kubangulia korosho

Nimebangua korosho hapa Newala tangu usichanani. Wanaoijua kazi hii wanaujua na mkao wake: kigoda kifupi, magoti yamepanda juu, jiwe mbele yako, kigongo mkononi, jivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasikuunguze. Kutwa umeinama. Mikono niliilinda kwa jivu, mgongo sikuulinda kwa chochote. Mwaka jana asubuhi moja nikashindwa kuinuka mkekani, mpaka binti yangu akanishika kwapani.

Nilianza kwa jirani anayekanda kwa mafuta ya nazi. Ana mikono mizuri, nikapata nafuu ya siku mbili. Kisha nikaenda hospitali. Foleni ilikuwa ndefu na daktari alikuwa peke yake, simlaumu. Lakini nilisema "mgongo", nikaandikiwa diklofenaki, nikatoka. Hakuna aliyenigusa. Vidonge vilituliza maumivu, ila swali nililoingia nalo ndilo nililotoka nalo: nina nini?

Kaka yangu yuko Mbagala, Dar es Salaam. Aliposikia ninavyogugumia kwenye simu akasema, "Dada, panda basi uje." Safari ile sitaisahau. Tulipovuka Daraja la Mkapa pale Rufiji nilishindwa kabisa kukaa, nikasimama nimeshikilia kiti mpaka Kibiti.

Dar akanipeleka kwa mtaalamu wa kairopraktiki, yaani tiba ya viungo vya uti wa mgongo kwa mikono. Alikuwa mama wa makamo. Nilidhani nitalazwa kitandani mara moja, kumbe kwanza tulikaa tukaongea. Nafanya kazi gani? Kigoda kina urefu gani? Nimewahi kuanguka? Nimepungua mwili? Napata homa? Mguu unalegea? Nina ganzi katikati ya mapaja, au mkojo unanitoka bila kujijua? Akanieleza kwamba ningejibu ndiyo kwa hilo la mwisho asingenigusa, angenipeleka hospitali kubwa siku ile ile. Moyo wangu ulitulia hapo, kabla hajaniwekea mkono.

Ndipo akanilaza ubavu, akalikunja goti langu, akasema, "Vuta pumzi mama, sasa itoe." Akasukuma. Kikalia *ka!* kama ganda la korosho kavu.

"Mfupa umerudi?" nikauliza.

"Hapana mama, haukuwa umehama. Huo ni mlio wa gesi iliyomo kwenye majimaji ya kiungo."

Angeweza kunidanganya na ningeamini. Nilikwenda kwake mara nne kwa wiki mbili, na kila mara alinifundisha jambo: kulala na mto kati ya magoti, kutembea hata kama kunauma, kutokaa mkao mmoja muda mrefu. Alitaka kunigusa na shingo, nikakataa. Binti yangu, anayesomea uuguzi, alikuwa amenionya kwamba kuizungusha shingo kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu, ingawa ni kwa nadra. Mtaalamu hakukasirika. Akasema mwili ni wangu.

Binti huyo huyo ndiye aliyenisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 1998. Wagonjwa 321 wa mgongo waligawanywa: wengine kairopraktiki, wengine mazoezi ya tiba ya viungo (fiziotherapia), wengine wakapewa kijitabu tu. Waliohudumiwa kwa mikono au mazoezi, kama 75 katika kila 100 walisema huduma ilikuwa nzuri sana. Wa kijitabu walikuwa kama 30. Lakini ukipima maumivu na uwezo wa kufanya kazi, tofauti kati yao ilikuwa ndogo. "Kwa hiyo mama," akaniuliza, "wewe umepona au umeridhika?"

Nililala nalo hilo swali. Maumivu yamepungua sana, ila mtaalamu mwenyewe aliniambia mgongo wa aina yangu mara nyingi hutulia wenyewe baada ya wiki kadhaa. Siwezi kuapa kwamba ni mikono yake. Ninachoweza kuapa ni kwamba nilisikilizwa, nikaguswa, nikaambiwa ukweli, nikarudi nyumbani nikijua la kufanya. Na pesa iliniuma, nauli na malipo yote pamoja. Sitamwambia mwenzangu auze mbuzi ili aende Dar. Nitamwambia aulize kama hospitali ya karibu ina mtaalamu wa tiba ya viungo, na asiondoke chumbani kwa daktari kabla hajaeleza anavyokaa kazini.

Niliporudi nilimwita fundi seremala. Akanitengenezea meza ngumu ya kubeba jiwe, na kiti chenye egemeo, miguu inafika chini na kiuno hakijikunji. Siku za kwanza kigongo kilikosa shabaha na korosho nyingi zikavunjika, na iliyovunjika bei yake ni ndogo. Baada ya wiki mkono ukazoea. Adhana ya alasiri ikisikika huwa nimeshainuka mara nyingi, nazunguka mkorosho wa uani, narudi. Wenzangu wawili wa kikundi wamekwisha chukua vipimo vya meza kwa kamba.