Neno "piga" liliponiponza kwenye Kichina

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kichina nilitamba kwa neno moja: dǎ, 打. Dǎ ni kupiga, na Mchina hupiga simu, hupiga ngoma, hupiga miayo na chafya kama sisi tu. Wengine walikuwa wanakariri, mimi nateleza.

Tukafika kwenye wú jīng dǎ cǎi. Wú ni kukosa, jīng ni uchangamfu. Cǎi nikaifanya rangi, na sikuwa mjinga sana, maana vitabu vya zamani viliuandika msemo huu kwa herufi ya rangi, 彩. Nikasimama kifua mbele: "Hana nguvu, ila kajipiga rangi!" Nilimwona kabisa mtu hoi aliyejipodoa aende harusini. Darasa likaangua kicheko. Laoshi, yaani mwalimu wetu, akageukia ubao, mabega yakimtikisika.

Kumbe cǎi hapa ni nuru ya uso, na dǎ hii ni ya kuondoa. Nikahangaika nayo siku mbili, mpaka vijiweni wakanitoa: mtu akiachwa na mchumba si tunasema kapigwa chini? Basi ndiyo hiyo. Uchangamfu hakuna, na nuru ya uso imepigwa chini. Kanyong'onyea.

Chimbuko lake hutajwa kuwa sura ya 25 ya Hong Lou Meng, riwaya ya Cao Xueqin iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1791. Nilitarajia jemadari aliyeshindwa vita. Ni kijakazi! Xiaohong, ambaye hata jina lake, Hongyu, lilikatwa kwa kuwa "yu" imo kwenye majina ya wakubwa, Baoyu na Daiyu. Anatumwa kwa Daiyu kuazima kopo la kumwagilia maua. Njiani anamwona Jia Yun, kijana aliyemwota usiku, kakaa juu ya jiwe akisimamia wapanda miti. Anatamani kumsogelea, anaogopa. Anachukua kopo, anarudi wú jīng dǎ cǎi, anajilaza. Wenzake wanadhani anaumwa. Kwangu mimi hapo Cao alimaliza kazi: hakuna aliyekufa, hakuna aliyegombana, ni kopo tu mkononi.

Sura ya 87 yanamkuta Baoyu mwenyewe, safari hii kwa méi badala ya wú. Maana ni ileile.

Kwenye mtihani tuliambiwa tuutungie sentensi. Nikaandika kuhusu Xiaohong na kopo lake. Laoshi akanipa vema, na pembeni akachora brashi ya rangi.